Picha za vita za marehemu baba: hapa ni wapi?

SWALI: Habari za kazi mhariri na wasomaji wote. Mimi ni dada wa miaka 44, naishi Dodoma. Baba yetu alikuwa JWTZ, jeshi la Tanzania, na alipigana vita ya Kagera, amefariki mwaka juzi. Enzi za uhai wake hakupenda kabisa kuongelea vita, ukimuuliza anakwambia "tulifika mpaka Arua" basi, anabadilisha stori. Sasa tulivyofungua sanduku lake la bati tumekuta bahasha ina picha tano nyeusi na nyeupe. Ya kwanza ni askari wamekaa kando ya mto mpana, kuna daraja la vyuma na pembeni kipande cha daraja la zamani kimezama majini. Ya pili baba amesimama peke yake ndani ya duara kubwa la zege, juu yake kuna maandishi yamekatika inasomeka "UATOR" tu, nyuma yake nyasi tupu na kwa mbali sana kama kuna mlima umefunikwa na mawingu. Ya tatu ni ng'ombe wenye mapembe makubwa mno wanapita mbele ya lori. Ya nne kuna vibanda vya duara vya nyasi na miti kama minazi, nyuma imeandikwa kwa peni ya bluu "Kampala 1979". Ya mwisho ni ya studio, baba na mwenzake wamevaa bugaluu, nyuma ina mhuri umefifia zimebaki herufi "AKA". Wadogo zangu wanataka tutengeneze albamu ya familia, kila picha iandikwe hapa ni wapi. Tunaanzia wapi jamani? Mama naye ni marehemu hatuna wa kumuuliza.

JIBU: Poleni sana dada, Mungu amrehemu mzee. Kwanza umefanya vizuri kuzieleza zote pamoja, maana watu wengi wanatuma picha moja wanauliza hapa ni wapi, na picha moja ya vita mara nyingi haijitoshelezi. Baba yako hakuwa mtalii, alikuwa anatembea na kikosi, na kikosi kina barabara yake. Ukiijua barabara picha zinaanza kujipanga zenyewe. Na nyinyi mna neno moja zito sana mkononi, Arua, mji wa kaskazini magharibi ya Uganda, ambalo mzee aliwaachia bila kujua kwamba amewaachia ramani nusu nzima.

Nianze na ya daraja maana hiyo ndo rahisi. Majeshi ya Idi Amini wa Uganda yaliingia Tanzania mwishoni mwa Oktoba 1978, yakashika eneo lote la kaskazini ya mto Kagera, kama kilomita za mraba 1,800 hivi, alafu tarehe 3 Novemba wakalilipua daraja la Kyaka ili jeshi letu lisivuke. Baadaye JWTZ wakatandika daraja la vyuma vya kuunganisha, lile aina ya Bailey, ubavuni unaona vyuma vimepishana pishana. Sasa mto mpana, daraja la Bailey, na mabaki ya daraja lingine majini, vyote kwenye picha moja ya askari wa Tanzania, kwa kweli mimi mawazo yangu yanaenda Kyaka moja kwa moja.

Lakini usiandike bado. Chukua kioo cha kukuzia au piga picha ile picha kwa simu yenye kamera nzuri, dirishani mchana bila flash, kisha ikuze uangalie mambo mawili. La kwanza ni maji. Kwenye kile kipande kilichozama, takataka na majani yanakwama upande ule maji yanakotoka, na povu linakuwa huko huko. Pale Kyaka mto unaelekea mashariki kwenda ziwani, kwa hiyo aliyepiga picha akiwa upande wa Kyaka anatazama Bunazi na Mutukula, njia ya mpakani na Uganda, maji yatakuwa yanatoka kushoto kwake kwenda kulia. La pili ni vivuli. Huko ni kusini ya ikweta kidogo tu, kama digrii moja na robo, na Novemba mpaka Januari jua la mchana linakaa upande wa kusini, maana yake kivuli cha saa sita kinaangukia kaskazini. Kuanzia Mei mpaka Julai ni kinyume chake. Kama maji yanaenda kulia na vivuli vifupi vinakimbia mbele kumwacha mpiga picha, mambo yote mawili yanakubaliana na Kyaka mwanzoni mwa vita. Kama vivuli vinamjia mpiga picha basi ama alikuwa ng'ambo ya pili, ama ilipigwa wakati wanarudi nyumbani, na hilo linawezekana kabisa maana jeshi letu lilibaki Uganda mpaka 1981.

Hoja hii ya mwisho naomba uishike sana. Watu wanaona sare wanadhani ni picha ya mapigano. Askari wangapi walikuwa na kamera mfukoni mwaka 1979 huku mabomu yanalia? Picha nyingi za aina hii zinapigwa wakati wa utulivu, mji umeshatekwa, mpiga picha wa mtaani kafungua biashara tena, vijana wana posho kidogo wanataka kutuma picha nyumbani. Kwa hiyo miezi iliyofuata baada ya Kampala kuanguka tarehe 11 Aprili 1979 ina uwezekano mkubwa kuliko ile ya vita yenyewe.

Sasa twende kwenye duara la zege, ambayo ndo picha niliyoipenda kuliko zote. Hilo ni alama ya ikweta bila shaka, maandishi kamili ni "UGANDA EQUATOR". Wengi watakwambia haraka haraka hapo ni Kayabwe, barabara ya Masaka kwenda Kampala, maana ndipo mabasi yanapita na watalii wanashuka kupiga picha. Ila pete kama hizo zipo na upande wa magharibi, Kikorongo karibu na Kasese, kwenye barabara inayotoka Mbarara kwenda Fort Portal. Usiangalie rangi wala usilinganishe na picha za watalii wa leo, rangi inapakwa upya kila mara. Angalia nyuma ya mzee. Kayabwe ni kijani kijani, migomba, miti, nyumba za biashara, hakuna mlima wa maana. Kikorongo ni mbugani, nyasi zimetandaa mpaka mbali na upande wa kaskazini kuna Rwenzori, mlima ambao muda mwingi uko ndani ya mawingu. Wewe mwenyewe umeandika nyasi tupu na mlima wenye mawingu, sijakulisha maneno mimi.

Na hapo ndo Arua inapoingia. Baada ya Mutukula kutekwa Januari 1979 jeshi liligawanyika, kuna waliokwenda Masaka, wakapigana Lukaya mwezi Machi pamoja na Walibya waliokuja kumsaidia Amini, wakaenda Entebbe na Kampala, na wengine mbele mpaka Jinja, Tororo na kaskazini mashariki. Na kuna waliokwenda Mbarara, mji uliotekwa mwishoni mwa Februari, wakapandisha Fort Portal, wakazunguka Masindi wakavuka Nile pale Pakwach kuingia West Nile, eneo la Arua, mpaka vita ikaisha mpakani na Sudan tarehe 3 Juni 1979. Mtu anayesema "tulifika mpaka Arua" na ana picha ya ikweta yenye mlima nyuma, mimi namweka kwenye hii njia ya pili mpaka nionyeshwe vingine.

Ng'ombe wa mapembe makubwa wanaongeza uzito ila kidogo tu. Hao ni ng'ombe wa Ankole, na Mbarara ndo kwao, lakini wapo Karagwe pia, wapo Rwanda, wapo hata huku Kagera kwetu, kwa hiyo ng'ombe peke yake asikushuhudie. Mwangalie lori. Plate namba za enzi hizo zilianza na herufi ya nchi, T Tanzania, U Uganda, K Kenya. Ila kuna mtego, serikali yetu ilichukua malori na mabasi mengi ya raia na mashirika kwenda vitani, hivyo lori la T lenye jina la kampuni ya pamba mlangoni linaweza kuwa limesimama katikati ya Mbarara. Plate inakwambia gari limetoka wapi. Mahali lilipo utapajua kwa kibao cha duka, nguzo za simu, aina ya nyumba na udongo wa barabarani.

Picha ya nne najua itawauma kidogo kwa sababu ina mwandiko, na mwandiko wa marehemu mtu hataki kuupinga. Lakini ile sio Kampala dada. Kampala ya 1979 ukiipiga picha ni shida kukwepa kilima chenye kitu juu yake, Namirembe kanisa la matofali lenye kuba, Rubaga minara miwili, Kibuli msikiti, au hoteli ndefu ya ghorofa katikati ya mji. Vibanda vya duara vya nyasi vimekaa kikundi na hiyo miti unayosema kama minazi, bila shaka ni mivumo, shina limetuna katikati na majani yamefunguka kama feni, hiyo ni sura ya kaskazini, upande wa Nile, Pakwach na kuendelea. Huko chini Masaka na Kampala utaona migomba na nyumba za pembe nne za bati. Labda mzee aliandika "Kampala" kwa sababu picha ilisafishwa Kampala, au ndo aliitumia Kampala kwenda nyumbani, au aliandika miaka mingi baadaye kwa kukumbuka. Angalia kama peni hiyo hiyo ya bluu imeandika na nyuma ya picha nyingine, kama zote zimeandikwa siku moja basi ujue ni kumbukumbu ya baadaye. Msifute huo mwandiko, kwenye albamu andikeni alichoandika yeye na chini yake mnachodhani nyinyi.

Ya studio niseme tu ukweli hiyo ni ngumu. "AKA" inaweza kuwa Masaka, inaweza kuwa Kyaka, na kwa ubishi mtu atakwambia hata Lusaka. Masaka iliumia vibaya kwenye vita ile, nyumba nyingi zilibomolewa, lakini askari wetu walikaa na kupita hapo muda mrefu na wafanyabiashara walirudi. Ninachoshauri ushike mhuri chini ya taa umeinamisha picha, mwanga utoke ubavuni, mara nyingi wino unakuwa umefifia lakini alama ya kubonyea kwenye karatasi ipo. Tafuta namba ya sanduku la posta. Ukiona S.L.P. inaelekea nyumbani Tanzania, ukiona P.O. Box bado hujapata jibu maana hata huku watu walitumia. Maneno kama Kodak au Agfa yaliyochapwa kwa nyuma achana nayo, hilo ni jina la karatasi. Na yule mwenzake wa bugaluu, ndo mtu wa kumtafuta kuliko hata mahali.

Nenda kwenye hati za baba, kitambulisho, barua ya kustaafu, karatasi za pensheni, chukua namba yake ya jeshi na jina la kikosi. Mkiandika barua makao makuu ya jeshi kama familia mkiwa na namba hiyo na cheti cha kifo, mnaulizia alikuwa brigedi gani, hilo swali linajibika kirahisi kuliko "mnajua hii picha ni wapi". Idara ya Habari MAELEZO nao wana hazina ya picha za serikali za enzi hizo. Uganda nako shirika lao la utangazaji UBC lilikuta makasha ya negativu za wapiga picha wa serikali ya Amini, maelfu kwa maelfu, na mwaka 2019 zikaonyeshwa Makumbusho ya Uganda Kampala, humo unaona miji ilivyokuwa kabla vita haijaipitia, kitu ambacho huwezi kukipata kwa kwenda kusimama Masaka leo.

Kwa sura ya mlima na mto tumia Google Earth, ile ya kushusha jicho mpaka karibu na ardhi. Simama Kikorongo utazame kaskazini kisha linganisha mgongo wa mlima na ule wa kwenye picha. Nyumba zinabomolewa, miti inakatwa, mgongo wa mlima haujaenda popote.

Na wazee waliobaki wafuateni mapema, vijana wa 1979 sasa wana miaka sabini hivi. Ila tafadhali sana usimpe mzee picha ukasema "hii si ni Mbarara eti mzee?" Atakubali tu kwa heshima. Mpe picha, nyamaza, acha aishike, washa simu irekodi kwa ruhusa yake, na umpe muda. Utasikia "hapa tulikunywa chai kwa Mhindi mmoja", "huyu ndo alikuwa dereva wetu", na hapo umepata zaidi ya jina la mji. Mkienda Uganda kuulizia nendeni kwa adabu pia, kuna atakayewakumbatia kwa sababu baba yenu alimtoa Amini, na kuna ambaye duka la baba yake lilibomolewa na hao hao wakombozi. Wote wawili wana haki ya kuitazama picha na kusema wanachokumbuka.

Kwa hiyo albamu kwa sasa ningeandika hivi, kwa penseli: Kyaka, karibu na uhakika. Ikweta, upande wa Kasese, inaelekea. Ng'ombe, njia ya Mbarara labda. Vibanda, kaskazini ya Uganda, sio Kampala. Studio, acheni wazi.

SWALI: Hamjambo gazetini. Mimi ni mzee wa miaka 73 kutoka Kitui. Baba yangu alikuwa Keya, yaani askari wa KAR (King's African Rifles) la Waingereza, kwa vita ya pili ya dunia, akarudi, akatuzaa, akafa 1988. Ameacha picha moja amevaa ile kofia pana imekunjwa upande mmoja, amesimama na wenzake wawili mbele ya jengo kama hekalu lenye ncha, na mlangoni kuna sanamu mbili za simba. Yeye alisema alienda Ceylon na pia Bama, hiyo Burma ambayo leo ni Myanmar. Watoto wanabishana, mmoja anasema ni Ceylon mwingine anasema Bama. Mnaweza kutukatia hii kesi?

JIBU: Shikamoo mzee wetu. Mtoto aliyesema Bama yuko mbele. Mahekalu ya Wabudha ya Ceylon, yaani Sri Lanka ya leo, mengi ni kuba jeupe nene kama kengele iliyokaa chini, ncha ndogo juu. Ya Bama yanapanda kwa umbo jembamba, na langoni mara nyingi wanaweka jozi ya simba wakubwa waliokaa, wanene wa kifua, midomo wazi. Hao simba wawili ndo wamekuza uzito.

Historia nayo inaruhusu. Divisheni ya 11 ya Afrika Mashariki iliundwa 1943, ikafanya mazoezi Ceylon, kisha 1944 ikapelekwa Bama. Walishuka bonde la Kabaw wakati wa mvua kubwa, matope mpaka magotini na malaria, wakafika Kalewa kwenye mto Chindwin mwezi Desemba 1944, na hapo likajengwa daraja la Bailey la kuelea lenye urefu wa mita 350 hivi. Baada ya hapo divisheni ikarudishwa India kupumzika. Kwa hiyo kama mtu wa hiyo divisheni ana picha na nyuma mtu ameandika Rangoon, ningeuliza mara mbili.

Tazama bega la mkono kwenye sare. Ukiona kichwa cha kifaru ni hiyo Divisheni ya 11. Ndani yake kulikuwa na batalioni za nchi mbalimbali, 11 KAR kwa mfano ilikuwa ya Kenya, 36 KAR ya Tanganyika. Na kama kwenye sanduku kuna nyota ya shaba yenye ncha sita imeandikwa "Burma Star" basi inaongeza uzito, ila haikati kesi, maana nyota hiyo ilitolewa pia kwa waliokuwa Assam na Bengal huko India. Ukishapata jina la batalioni, shajara zao za kila siku za huko Bama zipo kwenye nyaraka za taifa za Uingereza pale Kew, London, kundi la WO 172, zinasema leo tuko kijiji gani, kesho tumevuka mto gani. Imperial War Museum nao wameweka picha nyingi za askari wa Afrika Mashariki mtandaoni, kuzitazama ni bure, mwambie mjukuu atafute kwa jina la Kalewa na Kabaw. Wengine walipita Abyssinia 1941 na Madagascar 1942 kabla ya hapo, ila huko hatutegemei kukuta hekalu la simba wawili.

SWALI: Mambo vipi. Nina picha ya marehemu mama akiwa nesi kwenye hospitali ya jeshi Bukoba wakati wa vita ya Amini, imefifia sana. Kuna programu ya simu inasafisha picha na kuipaka rangi mpaka inakuwa kali kama ya jana. Nikiisafisha si itakuwa rahisi kutambua ni wodi gani na kusoma kibao cha nyuma yake?

JIBU: Hapana, usitumie hiyo kwa kutambua. Hizo programu hazifichui kilichokuwepo, zinabuni. Pale ambapo kibao kina ukungu itakuwekea herufi inazodhani zinafaa, na sura ya nesi wa pembeni itamgeuza mtu mwingine kabisa, kisha ndugu zake wakija kumtafuta hawamtambui. Rangi ya ukuta nayo inakisiwa tu, usije ukaenda kutafuta wodi ya bluu. Iskani kama ilivyo, angalau dpi 600, uihifadhi hiyo bila kuigusa. Kwenye nakala nyingine ongeza tu mwanga na kiza kidogo kidogo uone kibao kinasemaje. Ile ya rangi itengeneze ukipenda, wanao waiweke sebuleni, lakini andika nyuma kwamba imepakwa na simu.